Mashine za sloti na dau lisilobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasomaji wa Mtwara na Lindi

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi kutoka kwa watu wa Mtwara, Masasi, Lindi na Nachingwea wanaocheza mashine za sloti, ama katika kasino za Dar es Salaam wanapokwenda kwa shughuli zao, ama kwenye mashine ndogo za sarafu, yaani madubwi, zilizoko karibu na nyumbani. Majibu yanamlenga mtu mzima aliyekwisha kuamua kucheza na anayetaka kujua fedha yake inakwenda wapi. Anayetafuta kipato hatakipata hapa, kwa sababu mashine hizi hazikutengenezwa kumpa mchezaji kipato, na jambo hilo linaonyeshwa kwa hesabu hapa chini.

Mashine ya sloti ni nini hasa?

Ni mashine inayopokea dau, inazungusha magurudumu yenye picha, kisha inalipa kulingana na picha zilizosimama kwenye mstari. Mashine ya aina hii iliyopata umaarufu mkubwa wa kwanza ni Liberty Bell, iliyotengenezwa miaka ya 1890 na Charles Fey, fundi mwenye asili ya Ujerumani aliyekuwa akiishi San Francisco nchini Marekani. Ilikuwa na magurudumu matatu ya chuma na mkono wa kuvuta pembeni. Mashine za leo ni kompyuta, na magurudumu unayoyaona ni picha zinazoonyeshwa kwenye kioo tu, au ni magurudumu halisi yanayoamriwa na kompyuta mahali pa kusimama.

Dubwi la mtaani na mashine ya kasino ni kitu kimoja?

Kwa msingi wa mchezo, ndiyo: zote mbili hupokea dau na kuamua matokeo kwa nasibu, na zote mbili zimepangwa ili mwenye mashine abaki na sehemu ya kila fedha inayoingia. Tofauti iko kwenye mazingira. Kasino ina mlango unaokaguliwa, keshia, msimamizi wa zamu na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, ilhali dubwi hukaa kwenye kona ya baa na mara nyingi hakuna mtu wa kumuuliza zaidi ya mhudumu.

Zote, hata hivyo, zinatakiwa kuwa na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003. Aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ukiiona mashine imewekwa kwenye baraza la duka ambako watoto wanatumwa sukari na mafuta ya taa, hilo si jambo la kunyamazia. Litolewe taarifa kwa serikali ya mtaa au kwa Bodi yenyewe.

Nani anaamua picha zitakazosimama?

Ni programu ndani ya mashine inayozalisha namba nasibu mfululizo, hata wakati hakuna anayecheza. Unapobonyeza kitufe, namba ya wakati huo huo ndiyo inayochukuliwa, na matokeo yanakuwa yamekwisha kuamuliwa kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Kubonyeza taratibu, kubonyeza kwa nguvu, au kusimamisha gurudumu kwa kidole hakubadilishi chochote.

Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani kwa mbinu iliyobadilisha biashara hii kabisa. Chukua gurudumu lenye vituo 22 vinavyoonekana kwa macho. Kwa hesabu ya kawaida, magurudumu matatu ya aina hiyo yanatoa michanganyiko 10,648. Kwa mbinu ya Telnaes, kompyuta inaweza kuligawia kila gurudumu namba 64, kisha ikaipa picha ya zawadi kubwa namba moja tu na kuzirundika namba nyingine kwenye picha za hasara. Nafasi ya kupata picha kubwa tatu inakuwa 1 kati ya 262,144, huku mchezaji akiendelea kuyaona magurudumu yale yale ya vituo 22. Kwa hiyo anayekadiria nafasi yake kwa kuhesabu picha anazoziona anakadiria mashine nyingine, siyo ile iliyo mbele yake.

Nikisikia mashine inarejesha asilimia 87 au 90, maana yake nitarudi nyumbani na asilimia hiyo?

Hapana, na kutoelewa jambo hili kunawagharimu watu fedha nyingi. Tutengeneze mashine ndogo ya mfano tuione kwa ndani. Ina magurudumu matatu, kila gurudumu likiwa na picha 10: kengele 1, nyota 2, embe 3 na limau 4. Michanganyiko yote ni 1,000. Kengele tatu zinapatikana kwa njia 1 na zinalipa mara 200 ya dau. Nyota tatu zinapatikana kwa njia 8 na zinalipa mara 25. Embe tatu zina njia 27 na malipo ni mara 8. Limau tatu zina njia 64 na malipo ni mara 4. Zidisha na ujumlishe: 200, 200, 216 na 256, jumla 872. Kwa kila madau 1,000 yanayoingia, 872 yanarudi kwa wachezaji na 128 yanabaki kwa mwenye mashine. Hiyo ndiyo asilimia 87.2.

Sasa tazama zilikotoka zile 872. Karibu robo yake ni kengele, inayokuja kwa wastani mara moja katika mizunguko 1,000. Mtu aliyekaa mizunguko 100 ana nafasi ya 9 kati ya 10 ya kuondoka bila kuiona kengele hata mara moja. Ukiiondoa kengele, kinachobaki ni 672, kwa hiyo katika jioni zake nyingi mchezaji huyu anacheza mashine inayorejesha takriban asilimia 67, wala si 87. Ile tofauti anaichukua mtu mwingine, siku nyingine. Kiwango kinachotajwa ni cha maisha yote ya mashine. Jioni yako ni kipande kidogo mno cha maisha hayo.

Dau lisilobadilika ni nini, na kwa nini linapendekezwa?

Ni kuweka dau lile lile kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, ukishinda au ukiliwa, ndani ya kiasi ulichokitenga kabla ya kutoka nyumbani. Linapendekezwa kwa sababu ndiyo namna pekee ambayo mchezaji anaweza kuijua gharama yake kabla. Halikupi faida juu ya mashine. Hakuna mpangilio wa madau unaoweza kufanya hivyo, kwa kuwa kila dau, liwe la kwanza au la mia, linakatwa asilimia ile ile.

Tuseme umetenga shilingi 20,000 na dau lako ni shilingi 200. Una mizunguko 100 ya uhakika. Ukishinda, ushindi uingie mfuko mwingine na usirudi kwenye mashine. Mizunguko 100 ikiisha, mchezo umeisha, na kilichomo kwenye mfuko wa pili ndicho unachoondoka nacho. Kwenye mashine yetu ya mfano, wastani wa kilichomo ni shilingi 17,440, na kwa jioni isiyo na kengele ni kama shilingi 13,440. Zipo jioni ambazo ni pungufu sana na zipo ambazo ni zaidi ya ulichokuja nacho.

Jilinganishe na jirani yako mwenye shilingi 20,000 zile zile na dau lile lile, lakini yeye anarudisha kila anachoshinda. Atazungusha mara nyingi zaidi, kwa wastani karibu mizunguko 780, atapata furaha ndefu zaidi, na akiendelea bila kuinuka ataimaliza yote. Asilimia ya mashine haikubadilika hata kidogo kati yenu. Kilichobadilika ni mara ngapi kila shilingi ilipitishwa kwenye mdomo wa mashine. Kwangu mimi huu ndio moyo wa jambo lote: ukubwa wa dau na idadi ya mizunguko ndivyo vitu viwili tu vilivyo mikononi mwa mchezaji, na vyote viwili huamuliwa vizuri zaidi kabla ya kukaa kitini.

Kwenye baadhi ya mashine za kasino mfuko wa pili ni mgumu kuushika, maana ushindi unaongezwa moja kwa moja kwenye salio la kioo. Katika hali hiyo hesabu mizunguko badala ya kutazama salio, au toa tiketi ya malipo kila baada ya muda, iweke mfukoni, kisha ingiza fedha ndogo upya.

Kasi ya kucheza ina uzito gani?

Uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mzunguko mmoja kila sekunde 6 ni mizunguko 600 kwa saa. Kwa dau la shilingi 200 umepitisha shilingi 120,000, na mashine ya mfano imebaki kwa wastani na 15,360. Mtu anayesubiri sekunde 15, akaongea na mwenzake, akanywa soda yake, anapitisha 48,000 na gharama yake ya saa ni 6,144. Kwa sababu hiyo hiyo, epuka kitufe kinachoifanya mashine izunguke yenyewe bila wewe kubonyeza.

Nikiliwa, nikaongeza dau mara mbili kila mara hadi nishinde, si nitarudisha zote?

Mbinu hii ni ya zamani, na ilitungwa kwa michezo yenye matokeo mawili yanayokaribiana, kama nyekundu na nyeusi kwenye ruleti, mchezo wa mpira unaozungushwa kwenye gurudumu. Hata huko inawamaliza watu. Kwenye sloti ni hatari zaidi. Anza na 200, kisha 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400 na 12,800. Ukiliwa mara 7 mfululizo umekwisha kutoa shilingi 25,400, na dau linalofuata ni 25,600, yote hayo kwa sababu ya shilingi 200 za mwanzo. Kwenye mashine yetu ya mfano, mzunguko mtupu ni 9 kati ya 10, hivyo uwezekano wa kuliwa mara 7 mfululizo ni takriban 48 kati ya 100, karibu sawa na kurusha sarafu. Kabla hujafika huko, mashine nyingi zitakuwa zimekwisha kufikia kikomo chao cha dau la juu.

Wanaosema mashine “imeshiba” na sasa lazima iteme, wanakosea?

Wanakosea. Mzunguko unaokuja haujui chochote kuhusu mizunguko iliyopita. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi sana kwa kuzidi kuweka kwenye nyekundu wakiamini kuwa zamu yake imefika. Mtu anayesimama nyuma ya mwenzake kwenye dubwi akisubiri ainuke ili “alimalizie” anafanya kosa lile lile. Na ikitokea kweli akashinda, habari itazunguka mtaa mzima, wakati wale waliosubiri wakaliwa hawatatajwa na mtu.

Mbona mara nyingi zinasimama picha mbili na ya tatu inapita kidogo tu?

Kwa sehemu ni nasibu, na kwa sehemu ni namna magurudumu yalivyopangiwa namba zake, kama ilivyoelezwa juu ya mbinu ya Telnaes: kituo kilicho jirani na picha kubwa kinaweza kupewa namba nyingi kuliko picha yenyewe. Moyo unaruka, mkono unarudi kwenye kitufe. Lakini kukosa kidogo na kukosa sana kunalipa sawa, yaani sifuri, na hakuonyeshi kwamba picha kubwa inakaribia.

Kuna hila nyingine ya macho na masikio kwenye mashine za mistari mingi. Ukicheza mistari 20 kwa shilingi 50 kila mmoja, dau lako ni shilingi 1,000. Mstari mmoja ukilipa shilingi 300, taa zinawaka na muziki unapigwa kana kwamba umeshinda, ilhali umepoteza shilingi 700 katika mzunguko huo. Tazama tarakimu za salio, usisikilize muziki. Na unapopanga dau lako lisilobadilika, hesabu dau zima la mistari yote. Wengi wanasema wanacheza “hamsini hamsini” wakati kila kitufe kikibonyezwa inaondoka elfu moja.

Jakipoti inayokua ina faida?

Zawadi yake inakuzwa kwa kukata sehemu ya kila dau, hivyo malipo ya kawaida ya mashine hiyo huwa madogo. Kwa mwenye shilingi 20,000, mashine yenye zawadi ndogo zinazokuja mara kwa mara itampa muda mrefu zaidi.

Fedha ya korosho imeingia. Je, naweza kutenga sehemu yake?

Swali hili huja kuanzia Oktoba, minada inapoanza, na linahitaji jibu lisilo na mzunguko. Mkulima wa Tandahimba au Newala anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinaingia ghala kuu chini ya stakabadhi ghalani, zinapigwa mnada, na malipo yanaingia benki kwa mkupuo. Kwa mkulima wa Lindi, ufuta unaleta mkupuo kama huo katikati ya mwaka. Siku ile ya kutoa fedha, gesti zimejaa, baa zimejaa, na milioni moja inaonekana kubwa kwa sababu imekuja siku moja. Lakini si ya siku moja. Ndani yake mna sare na madaftari ya Januari, mna palizi, mna salfa na dawa za kupulizia mikorosho inapoanza kuchanua, mna unga wa miezi ambayo hakuna kinachouzwa.

Kwa hiyo usitenge asilimia ya mkupuo, hata ikiwa ndogo. Igawe kwanza fedha kwa miezi 12, uondoe mahitaji ya mwezi, kisha utazame kilichobaki cha starehe kwa mwezi huo mmoja. Dau litoke humo, pamoja na soda, nauli na mpira wa Jumapili. Ikiwa baada ya hesabu hiyo hakuna kilichobaki, basi hakuna dau mwezi huo. Fedha ya VICOBA, ada ya mtoto, fedha uliyotunziwa na mtu na mkopo wowote, hasa ile mikopo ya kausha damu, visikaribie mashine kabisa. Mwache mwenzi wako ajue kiasi ulichokitenga. Kiasi kisichoweza kutajwa mbele ya mke au mume ni kikubwa mno.

Dini inasemaje?

Wengi wa watu wa pwani yetu ni Waislamu, na katika Uislamu kamari ni haramu. Katazo liko wazi katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Hakuna dau dogo linaloiondoa hukumu hiyo. Mwenye swali zaidi amwone sheikh wake.

Kuna kodi kwenye ushindi?

Kodi ya ushindi wa kasino hukatwa na mwendeshaji kabla ya kukulipa. Viwango hubadilishwa kupitia Sheria ya Fedha, hivyo uliza kiwango cha mwaka husika kabla ya kucheza.

Mashine ikikwama nikiwa nimeshinda, nifanye nini?

Usiinuke, usibonyeze kitu, usiipige. Mwite mhudumu, piga picha ya kioo kama panaruhusiwa, andika saa na namba ya mashine. Mashine ya kasino hutunza kumbukumbu ya mizunguko ya karibuni, na msimamizi anaweza kuifungua. Msipoelewana, malalamiko yanapelekwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kwa dubwi lisilo na leseni huna pa kudai.

Kaka yangu alianza na dau dogo, sasa anauza vitu vya ndani. Tumsaidieje?

Mbinu ya dau lisilobadilika haimfai tena, wala asifundishwe. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, na upo katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuipa kamari nafasi ya kwanza mbele ya mambo mengine, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kumsema mbele ya watu kunamfanya afiche zaidi. Msimlipie deni kwa kumpa fedha taslimu mkononi. Kama familia imeamua kusaidia, mlipeni anayedai moja kwa moja. Mwombeni akabidhi kwa muda kadi ya benki na simu ya miamala kwa ndugu anayemwamini, na kama anacheza mahali pamoja, aende na mtu akamwombe msimamizi asimruhusu kuingia. Kisha mfuatane naye hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi, na pale mapokezi ombeni kuonana na mhudumu wa afya ya akili, mkieleza wazi kwamba tatizo ni kamari, tangu lini, na ni kiasi gani kimekwisha kwenda.